Tupeni chumba chenye mlango: barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Mtwara

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Ndugu Katibu Tawala wa Mkoa, Waheshimiwa Wakuu wa Wilaya, na Ndugu Wakurugenzi wa halmashauri zetu 9.

Salaam kutoka Newala. Vikao vya bajeti vinakaribia, na jambo lisiloingia kwenye makabrasha mapema huambiwa lisubiri mwaka mwingine wa fedha. Ndiyo maana nimeona niandike sasa, tena hadharani, maana maombi ya aina hii yakipita kimya kimya huishia masijala.

Mimi ni mnasihi wa watoto na familia. Nimeisomea kazi hii na naifanya katika vijiji vya Newala na Tandahimba. Wengi huniita mama ustawi, ingawa si afisa ustawi wa jamii wala si mtumishi wa serikali. Ningekuwa mtumishi, pengine barua hii isingeandikika. Maafisa ustawi ninaoshirikiana nao wana mengi ya kusema kuliko mimi, ila wao huyaandika kwenye taarifa ya robo mwaka, sehemu ya "changamoto", na mnajua wenyewe sehemu hiyo husomwa kwa kasi gani.

Ombi langu ni hili: kila kata ya mkoa huu iwe na chumba kimoja chenye mlango unaofungika, ambacho siku za unasihi hakitumiki kwa kazi nyingine. Gari siombi. Semina tumekaa za kutosha. Mtaona ombi ni dogo mno kwa barua ndefu namna hii, basi nivumilieni nieleze jinsi kukosekana kwa chumba hicho kunavyoharibu mambo mengi ambayo serikali imeshayaweka sawa.

Kwa sasa nikiitwa kijijini, mahali ninapopewa ni ofisi ya mtendaji. Mtendaji huwa mkarimu, hutoka nje akaniachia kiti chake. Lakini ofisi hiyo ndiyo ya mihuri na barua za utambulisho, na ndimo mgambo anamoegesha baiskeli yake. Mtoto akianza tu kuinua kichwa, mtu anapiga hodi na kuingia kabla hajakaribishwa: anataka muhuri, kesho anasafiri kwenda Dar es Salaam. Anamwona mtoto, ananiona mimi, anaelewa. Kufika jioni kijiji kizima kinajua kuwa binti wa fulani ameitwa na mama ustawi, na kila mmoja anaongeza sababu anayoijua yeye. Tumejaribu pia chini ya mkorosho. Kivuli kizuri, upepo mzuri, na watoto wengine wote wa kijiji wamekaa pembeni wanatutazama.

Nitoe mfano mmoja, na nimeubadilisha vya kutosha mtu asitambulike. Mvulana wa darasa la 4 aliletwa kwangu kwa sababu alikuwa mtoro na ameanza upya kukojoa kitandani. Nyumbani walishampeleka kwa mganga, wakaambiwa ni jini la ukoo. Kwa watoto wa umri ule maswali ya moja kwa moja hayasaidii. Ukimuuliza ana tatizo gani atakujibu "sina", na atakuwa amekujibu kwa adabu kabisa. Kwa hiyo mimi hubeba korosho ghafi kwenye mfuko. Nikamwambia: hii ni wewe, sasa nipangie watu wa nyumbani kwenu, aliye karibu na wewe muweke karibu. Akamweka bibi, korosho yake ikagusana na ya kwake. Mama akamweka mwisho wa meza, akasema yuko Dar. Mjomba akakaa katikati. Kisha akachukua korosho moja kubwa, akaishika, asiiweke popote.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa inaanza. Na hapo ndipo alipoingia mjumbe mmoja wa serikali ya kijiji kufuata daftari la michango, akamtania mtoto, "Kumbe wewe unacheza bao na mama ustawi?" Mtoto akacheka, akairudisha korosho kwenye lundo. Siku ile hakusema kitu tena. Kumrudisha pale alipokuwa amefika kulichukua muda mrefu, na sehemu kubwa ya muda huo hakutaka hata kuja.

Najua mnataka kujua korosho kubwa ilikuwa ya nani. Sitasema. Hiyo ni yake.

Siri ndiyo nyenzo yetu ya kazi, na nisieleweke vibaya, haina maana ya kuficha uovu. Siku ya kwanza kabisa namweleza mtoto, kwa maneno anayoyaelewa, kwamba atakayoniambia yatabaki kwangu, isipokuwa kama kuna mtu anamuumiza, au yeye mwenyewe anataka kujiumiza, au kuna mtoto mwingine yuko hatarini. Hapo nitalazimika kuwaambia watu wazima wanaoweza kumlinda, na kabla sijaenda kwao nitamwambia yeye kwanza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na mimi ni mwanajamii kabla sijawa mnasihi. Mtoto akiujua mpaka huo mapema, mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anayetaka taarifa ipelekwe. Asiyeelezwa hushtukia tu polisi wamefika nyumbani, na baada ya hapo sijui ni mtu mzima gani atamwamini.

Kamati za MTAKUWWA (mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto) za vijiji na kata zimefanya kazi ambayo mimi peke yangu nisingeiweza, nazishukuru. Lakini nimekaa kwenye vikao ambamo majina ya watoto yalitajwa mbele ya wajumbe wote, na wajumbe hao ni majirani, wana wake zao, wana vijiwe vyao vya kahawa. Namba ya faili ingetosha. Afisa ustawi na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto wakijua namba ile ni ya nani, inatosha. Hili halihitaji hata shilingi, linahitaji waraka wa ukurasa mmoja kutoka kwa Katibu Tawala wa Mkoa.

Vivyo hivyo namba 116. Tunawafundisha watoto wapige simu hiyo bure wakiwa na shida, nao wanapiga. Simu ikishapokelewa, lazima mtu akaonane na mtoto mahali fulani, na hapo tunarudi kwenye ofisi yenye baiskeli ya mgambo.

Sasa niseme jambo ambalo pengine halitapendeza. Mara kwa mara naitwa niende "kumalizia". Binti yuko sekondari, ana mimba, aliyempa anajulikana, na nikifika nakuta wazee wa pande zote mbili wameshakaa. Kiongozi wa eneo ananivuta pembeni kwa heshima zote: "Mama, wewe ongea nao tu, wazee wameshaelewana. Tuandikie kwamba familia zimepatana." Kinachotakiwa hapo ni sahihi ya mtu aliyesoma, ili faili likae vizuri. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumpa mwanafunzi mimba ni kosa la kifungo cha miaka 30, na kila aliyekaa kwenye ule mkeka analijua hilo. Ndiyo sababu faini wanayokubaliana huwa nene, na ndiyo sababu binti hupelekwa kwa shangazi Liwale au Tunduru wiki ambayo anatakiwa kutoa ushahidi.

Usuluhishi ni kazi halali na una mahali pake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka mabaraza ya kusuluhisha wanandoa kabla shauri la talaka halijafika mahakamani, na mume na mke wakija kwangu wanataka kupatana, nakaa nao hadi jua lizame. Lakini mtoto aliyeumizwa hana cha kupatana na aliyemuumiza. Naomba iagizwe wazi kwamba maandishi ya mnasihi hayatatumika kufunga faili la jinai, na kwamba kiongozi anayeyaomba kwa kusudi hilo ataulizwa sababu.

Na huyo binti akishajifungua? Tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi wa shule, uamuzi ambao mimi binafsi niliushangilia. Ruhusa hiyo ni nusu ya safari. Inayobaki ni nani atakaa na kichanga, atanyonyeshaje akiwa na vipindi hadi alasiri, atawajibu nini wenzake watakaomwita "mama nanii" darasani, na akikaa dawati la nyuma analia atamwendea nani. Niliowaona wakirudi na kubaki wana kitu kimoja wanachofanana: kuna mtu mzima mmoja, mara nyingi bibi, aliyekaa chini akapangiwa na kusaidiwa kama wao walivyosaidiwa.

Mtasema shuleni kuna mwalimu wa malezi. Yupo. Katika shule nyingi nilizofika, mwalimu huyo huyo ndiye wa nidhamu. Asubuhi anashika fimbo kwa waliochelewa, saa nne anatarajiwa kuwasikiliza kwa nini wanachelewa. Simlaumu, ana vipindi vyake na madaftari ya kusahihisha. Ila wakurugenzi mnaweza kuyatenganisha majukumu hayo mawili kesho asubuhi bila kuajiri mtu.

Niingie kwenye jambo ambalo mipango yetu hulipita kwa mbali: kalenda. Taarifa zinataka robo mwaka, lakini shida za nyumbani huku kwetu zinafuata mkorosho. Kuanzia Mei hadi Julai watu wako kupuliza salfa. Familia nyingi huhamia mashamba ya mbali, na watoto ama wanafuatana na wazazi wakaacha shule, ama wanabaki nyumbani wakijipikia. Oktoba minada inaanza, na malipo yakianza kuingia benki ndipo ninapopata wageni wengi. Baba alishauza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wanaonunua korosho nje ya mnada, tangu kipindi cha njaa bila kumwambia mama. Mama amepalilia, ameokota, amebabuka mikono, anafika chama cha msingi cha ushirika anaambiwa kilo zilizoandikwa ni hizi chache. Au kilo zipo zote, fedha imeingia kwenye akaunti ya baba, na baba ameingia mjini. Wengine hurudi na mke mpya. Wengine hawarudi mpaka fedha iishe. Kufika Januari watoto wanagawanywa: huyu aende kwa bibi Kitangari, yule kwa mama mdogo Masasi, na shule zinafunguliwa wiki ileile. Sisi wenyewe huwa tunazitania ndoa za msimu, tunacheka. Anayebeba begi lake kutoka nyumba hii kwenda ile sijawahi kumwona akicheka.

Kwa hiyo kama kuna fedha za mafuta na ufuatiliaji, naomba zifike kabla ya Oktoba. Zikija Machi, tunakwenda kuhesabu yaliyokwisha kutokea.

Halafu fomu. Fomu zetu zinaanza na jina la baba, kisha jina la mama. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Nimeandika wito kwa akina baba ambao hata wakifika wanakaa kama wageni, wananiuliza, "Mjomba wake umeshamwambia?" Mjomba akiitwa anakuja. Atachelewa, atazunguka na maneno, lakini akikubali jambo linafanyika. Haiwezekani tukaendelea na fomu isiyo na mstari wake, kisha tukashangaa kwa nini familia "haitoi ushirikiano".

Na bibi. Sehemu kubwa ya watoto ninaowaona wanalelewa na bibi mzaa mama, ambaye ana wajukuu wa mabinti wawili au watatu chini ya paa moja. Nilimwamkia mmoja, tukakaa, nikamuuliza habari za wajukuu. Akanijibu, "Mwanangu, kuwalisha nawalisha. Kuwaelewa ndiyo nimechoka." Simu wanazoshika hazijui, mambo wanayoyaona humo hayajui, na akiwagombeza wanamwambia hajasoma. Akina bibi hawa wakikaa pamoja wawili watatu na mtu wa kuwaongoza, wanafundishana wenyewe kwa wenyewe haraka kuliko ninavyoweza kuwafundisha. Kinachowazuia kuja ni kwamba hawataki kuonekana wameitwa ofisi ya kata. Kwao ofisi ya kata ni kesi.

Hapo najua mtauliza kuhusu unyago. Kuna viongozi waliopita huku wakitaka uzuiwe kabisa, na sikubaliani nao. Kungwi alikuwa mnasihi wa huku kabla chuo chochote hakijatoa cheti cha unasihi. Ana nyumba iliyofungwa, ana muda, ana binti anayemsikiliza. Vitu vitatu ambavyo mimi naviomba kwa barua. Ninachokigombea ni umri. Wazee wenyewe wanasimulia kwamba zamani msichana alisubiriwa avunje ungo kwanza. Siku hizi, kwa kuwa gharama za sherehe ni kubwa na likizo ni fupi, wa miaka 8 anaunganishwa na dada yake wa miaka 14, na wote wanafundishwa mambo ya chumbani. Yule mdogo anarudi darasani Januari anajua asichoweza kukibeba. Makungwi niliozungumza nao wanaliona hilo na baadhi wanalikataa. Tukae nao kabla ya likizo ya Juni na ya Desemba, wakiwa wenyeji wa kikao na sisi tukiwa waalikwa. Mkutano wa hadhara wa kuwakaripia hautaleta kitu, watahamishia ngoma ng'ambo ya bonde.

Kuna jambo jingine ninalilisema kwa uangalifu. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kando ya Mto Ruvuma, kilivamiwa. Vyombo vya ulinzi vilikuja, na wanaolala salama leo kule wanajua wa kuwashukuru. Mtoto aliyekuwa darasa la 2 usiku ule sasa ni kijana. Hofu ya namna ile kwa mtoto haiondoki kwa kuwa doria imeongezwa. Hukaa, ikatokea kama hasira, kama usingizi wa mang'amung'amu, kama kijana anayekimbia akisikia pikipiki imepiga mlio. Kama upo mpango wa muda mrefu wa kukaa na vijana wale na wazazi wao, naomba utangazwe ili wanasihi wa mkoa tujitolee. Kama haupo, uanze, na uanze kwa lugha wanayoota nayo, ambayo kwa wengi wao ni Kimakonde.

Fedha. Kila kilo ya korosho inayopita ghalani inaziachia halmashauri ushuru wa asilimia 3. Kwa halmashauri za Tandahimba na Newala hicho ndicho kisima chenyewe. Tayari sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa hiyo kutenga fedha kwa kusudi maalumu si jambo geni kwenu. Ninachoomba hakifiki huko hata kidogo. Vyumba vingi vipo tayari.

Ushauri wangu viwe kwenye zahanati, visiwe ofisi ya kata. Mtu akionekana anaingia zahanati hakuna anayeuliza amekwenda kushitakiwa nini, na bibi akisema anampeleka mjukuu zahanati hata mjomba hahoji. Mlango ufungike, lakini juu yake kuwe na kioo kidogo, anayepita aone ndani ila asisikie. Hilo ni kwa usalama wa mtoto, maana mtu mzima yeyote anayejifungia na mtoto mahali asipoonekana, hata akiwa ni mimi, anapaswa kutiliwa shaka.

Na anayekaa humo awe amesomea. Kenya walitunga sheria ya wanasihi na wanasaikolojia mwaka 2014. Marekani, jimbo la Virginia lilianza kutoa leseni za unasihi mwaka 1976, na California likafunga orodha ya majimbo mwaka 2009, kwa hiyo sidai kwamba mambo haya huwa ya siku moja. Lakini mzazi wa Mahuta au Mnyambe hana namna ya kumtofautisha mnasihi na mtu mwenye kipaza sauti anayejiita mshauri wa ndoa na kutoza kiingilio. Halmashauri inaweza kuanza na rejista: majina ya waliosomea, walisoma wapi, nani anawasimamia, ibandikwe ukutani pale pale zahanati karibu na ratiba ya kliniki. Jina langu mkaliangalie la kwanza.

Zahanati ninazozifahamu za Newala na Tandahimba zenye chumba kinachofaa nimeziandika kwenye orodha, na mbele ya kila moja nimeeleza kinachohitajika. Pengine ni kitasa. Pengine ni dari. Kuna moja inahitaji tu magunia ya vyandarua vya zamani yahamishwe. Orodha hiyo nitaifikisha Ofisi ya Mkuu wa Mkoa na kwa wakurugenzi 3 wa wilaya hizo mbili ndani ya wiki hii, na nitaomba nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Wenu katika kazi,

Mnasihi wa watoto na familia,
Newala, Mtwara